Mito Iliyokataa Kukauka

Jina la Mzee Dakika lilitoka sokoni, enzi za kibanda chake cha kutengeneza saa. Ukimpelekea saa iliyokufa ukamwuliza itakuwa tayari lini, jibu lake lilikuwa lile lile: "Dakika moja tu, ndugu yangu." Dakika hiyo iliweza kumeza wiki nzima, lakini saa ilirudi ikitembea, na watu wakamsamehe. Alikuwa mtu wa vitu vidogo na vikavu: skrubu za kuokotwa kwa kikoleo, magurudumu yenye meno kama ya panya, tone la mafuta kwenye ncha ya sindano. Vitu vikubwa na vyenye maji, kama nguo, masufuria na watoto wachanga, alimwachia mkewe, na mkewe hakulalamika. Au tuseme alilalamika, lakini kwa namna ya mtu ambaye angekosa raha siku asipopata cha kulalamikia.

Sasa kibanda kilikuwa kimefungwa. Si kwamba macho ya mzee yalichoka. Mkewe ndiye aliyeanza kupotea. Yalianza kupotea maneno. Badala ya kusema "kijiko" akawa anasema "kile cha kuchotea." Zikafuata funguo, zilizookotwa ndani ya kopo la sukari, kisha njia ya kutoka dukani hadi nyumbani, njia aliyoipita tangu wahamie pale. Halafu asubuhi moja, mzee anamwekea chai mezani, bibi akamtazama kwa adabu kabisa, kama mtu anayeongea na mgeni, akamwuliza: "Wewe kijana, umetumwa na nani?"

Mzee Dakika alikuwa na mvi hadi kwenye nyusi. Alicheka, akadhani ni utani wa asubuhi. Alipoona bibi hacheki, akajikaza kisabuni, akajibu kuwa hakutumwa na mtu, amekuja tu kusaidia. Kisha akaingia bafuni, akafungua bomba, akaliacha limwage maji kwa kitambo bila sababu yoyote.

Katika kila kilichokuwamo ndani ya nyumba ile, vitu viwili tu bibi aliendelea kuvitambua bila kukosea, navyo ni mito yake. Haikuwa mito ya dukani. Zamani, walipokuwa wakiishi kwenye nyumba yenye uwanja mkubwa, bibi alifuga bata, na kila bata alipochinjwa alichambua manyoya laini ya kifuani, yale mepesi ambayo ukiyapulizia tu yanapaa, akayaosha, akayakausha, akayaweka akiba. Ilimchukua miaka kupata ya kutosha. Akashona mito miwili kwa kitambaa kizito kilichofumwa kwa kubana, ili unyoya usipate pa kutokea. Mumewe aliwahi kumtania kuwa ameua ukoo mzima wa bata kwa ajili ya shingo yake. "Na yako," bibi alimjibu. "Au wewe unalalia saa?"

Kila mwaka jua lilipokuwa kali aliifua mwenyewe, akaianika, akaigongagonga hadi ikavimba kama mikate. Mumewe aliiona tu jioni, kitandani, ikiwa mikavu na yenye harufu ya jua, na hata siku moja hakuuliza imefikaje pale.

Ugonjwa ulipozidi, bibi alikuwa akishika pembe ya mto mmoja kabla hajafumba macho, na kuukumbatia ule mwingine. "Mito yangu," angesema, akiipapasa. Akiwa nayo, alilala. Siku moja mzee aliiondoa ili atandike shuka, akachelewa kuirudisha. Bibi alizunguka chumba kizima akitetemeka, akifungua makabati na kuyaacha wazi.

Basi asubuhi ile ya masika bibi aliamka amelowa. Hilo halikuwa jipya. Muuguzi wa zahanati alishamfundisha mzee kutandika nailoni juu ya godoro, na godoro lilisalimika. Lakini bibi alikuwa ameivuta mito yote miwili chini, mmoja tumboni na mwingine katikati ya magoti, na yote ilikuwa imenyonya kila kitu. Mzee aliibeba hadi dirishani akainusa. Akaipangusa kwa kitambaa chenye maji, akaigeuza upande mkavu, akaivalisha foronya safi, akajitia hamnazo. Kufika saa sita chumba kilikuwa hakikaliki.

Akampigia simu shemeji yake, mdogo wa kike wa mkewe, aliyeishi mji mwingine na ambaye ndiye peke yake angejua.

"Shemeji, mito ya dada yako inafuliwaje?"

"Ile ya bata? Shemeji, msimu huu? Huoni mawingu?"

"Hali imenilazimu."

Shemeji mtu hakuuliza hali imemlazimuje, alielewa. Akamweleza polepole kama anavyoelezwa mtoto. Kwanza akague mshono, asiwe na tundu. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, tena kidogo sana, kwa sababu povu likishaingia kwenye manyoya halitoki. Aubonyeze mto kwa viganja, asiusugue. Suuza, suuza tena. Kisha aukamue kwa kuukandamiza kwenye taulo, na hapo sauti yake ikapanda: "Usisokote, shemeji. Nasema tena, usiusokote kama dekio." Auanike penye upepo, na kila mara aupigepige na kuyavunja madonge kwa vidole, maana manyoya yakikaukia kwenye madonge yananuka na hayafai tena.

"Nimeelewa," alisema Mzee Dakika, na kweli alikuwa ameelewa.

Ila alipoichungulia ile mito kwenye beseni uani, sabuni kidogo aliiona haitoshi kwa harufu ile. Akaongeza kiganja cha unga wa sabuni. Akanusa. Akaongeza kingine.

Mto wa manyoya hauzami. Hilo shemeji hakumwambia. Mzee aliubonyeza upande huu, ukainuka upande ule, kama mtoto asiyetaka kuoga. Ilibidi auelemee kwa viganja vyote viwili, uzito wake wote juu yake, mpaka ukatoa pumzi ndefu ya mapovu ukalegea. Maji yakawa ya njano, kisha ya kijivu. Hapo akafurahi, akaona kazi inakwenda. Akamwaga, akajaza, akasuuza. Povu. Akamwaga tena, akajaza tena. Povu lile lile, jeupe, limejaa hadi ukingoni, kana kwamba hakuna kilichotoka. Ndoo baada ya ndoo kutoka bombani, kiuno kinamwuma, viatu vimejaa maji. Kila alipoubonyeza mto ulitema mapovu mengine.

Mama Pacha, jirani wa chumba cha pili, mwanamke wa maneno mengi na moyo mwepesi, alitoka na mtoto mgongoni akasimama.

"Mzee wangu, unafua au unatengeneza mawingu? Si yapo ya kutosha juu?"

"Dakika moja tu, nimemaliza."

"Niletee nikusaidie."

"Hapana, mama, una watoto." Ukweli ni kwamba aliona haya. Hakutaka jirani ainuse mito ya mkewe.

Ndipo akachoka. Uchovu ulimpanda hadi mabegani, akaona ajabu kwamba mtu aliyefufua saa zilizoanguka visimani anashindwa na mto. Akaukamata wa kwanza kwa ncha zote mbili. Ulikuwa mzito kama mnyama aliyezama. Akausokota.

Mshono ulifumuka bila hata sauti. Kitu cha kijivu, kilicholowa, kikateleza nje kikamwangukia miguuni, na ndani ya sekunde mikono yake yote hadi kwenye viwiko ilikuwa imevaa manyoya. Yalimng'ang'ania. Alipojaribu kuyaondoa kwa mkono wa kulia, yalihamia mkono wa kushoto. Mengine yalikuwa yakielea kuelekea kwenye mtaro, yakienda zake taratibu. Akapiga magoti kuyazuia kwa viganja.

"Mwizi!"

Bibi alikuwa amesimama mlangoni na gauni lake la kulalia, macho yamemtoka. "Mwizi! Anaichinja mito yangu!"

"Mama, si mwizi, ni mumeo," Mama Pacha alimkimbilia, akamshika mkono. "Anakufulia."

"Mume wangu namjua. Huyu kijana katumwa." Na akaanza kulia, kilio cha chini chini kisicho na machozi, akitazama manyoya yake yakiingia mtaroni.

Mzee Dakika alibaki pale pale, magoti kwenye maji. Ushahidi wote alikuwa ameuvaa mikononi.

Mvua ikaanza jioni na haikukata. Mto uliosalimika aliutundika chini ya paa la baraza, na manyoya ya ule uliofumuka aliyatia ndani ya foronya, akaifunga mdomo kwa kamba, akaitundika pembeni yake. Vilidondosha maji usiku kucha, na kulipokucha vilikuwa bado vinadondosha. Hewa yenyewe ilikuwa na maji. Hata kiberiti kilikataa kuwaka. Alivipigapiga kama alivyoagizwa, akaingiza vidole kutafuta madonge. Ndani ya mto madonge yalikuwa magumu na baridi, kama viazi ndani ya gunia. Alilivunja moja akakuta lingine nyuma yake. Na harufu ya mkojo ilikuwa imeondoka, kweli, ila nafasi yake ilishikwa na harufu ya bata, bata hai aliyenyeshewa, na ikawa inaingia mpaka jikoni.

"Angalau sasa tunajua walikuwa bata kweli," alisema Mama Pacha, akajaribu kucheka. Mzee naye alijaribu.

Ndani, bibi hakupumzika. Kila jua lilipoelekea kuzama alianza kuitafuta mito yake, akimwita mzee mwizi. Alikagua chini ya kitanda, ndani ya ndoo, nyuma ya mlango. Mzee alimnunulia mto wa sponji, mpya, wenye maua. Bibi aliupokea, akaupapasa, akautupa sakafuni. Alimpeleka barazani akamwonyesha: hii hapa, mama, inakauka. Bibi aligusa kitambaa cha baridi, akaurudisha mkono wake haraka.

"Hii imekufa," alisema.

Mzee akapasha pasi moto. Alijua si sawa, lakini alikuwa ameishiwa na maarifa. Akaipitisha juu ya mto, mvuke ukafuka, ukanuka zaidi, na alipoinua pasi akaona alama ya kahawia yenye umbo la pasi katikati ya kitambaa. Akaizima, akaukalisha mto kwenye kiti, akakaa mbele yake na kushika tama. Walitazamana hivyo, yeye na mto, kwa muda.

Jioni hiyo bibi alikuja akaketi karibu naye. Alikuwa ametulia, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya kupiga soga.

"Wewe kijana si mbaya," alimwambia. "Ila kazi huijui."

"Siijui, mama."

"Mume wangu akirudi utamweleza. Ataitengeneza. Yule ana mikono ya ajabu."

"Anatengeneza nini?"

"Saa. Redio. Chochote. Mpe kitu kilichokufa, atakuambia dakika moja tu." Akacheka kidogo, peke yake. "Hata mito hii angeikausha."

"Anarudi lini?"

Bibi alifikiri, akatazama mlangoni mvua ilipokuwa ikipiga. "Amechelewa leo," alisema, na wasiwasi ukamrudia usoni. "Hajawahi kuchelewa hivi."

Mzee Dakika alimshika mkono, bibi akauvuta taratibu, kwa heshima, kama mke wa mtu anavyouondoa mkono wake kwa mwanaume asiyemjua.

Shemeji mtu alifika barabara zilipopitika, na begi moja na mwavuli uliopinduka. Dada yake alimpokea vizuri, akamwita kwa jina la mama yao, naye akaitika bila kusahihisha. Kisha akatoka barazani, akanusa, akamtazama shemeji yake, akaona zile nyusi nyeupe, kidevu kisichonyolewa, vidole vilivyokunjamana kwa maji.

"Ulisokota," alisema tu.

"Nilisokota."

"Haya. Lete mkasi."

Aliufumua na ule mto wa pili. Alichambua madonge yote kwenye sinia, akatupa yaliyooza, akayaosha yaliyobaki kwa maji matupu hadi yakaacha kutoa povu. Akaomba chandarua kikuukuu, akakikunja mara mbili akakishona kama mfuko mpana, akayatia manyoya humo. Jua lilipotoka, lile jua la ghafla la baada ya mvua linalofanya mabati yafuke, mfuko ulikuwa tayari kwenye kamba. Mzee alipewa fimbo nyembamba na kazi ya kupiga. Alipiga asubuhi, akapiga mchana, akiugeuza mfuko upande hadi upande. Mama Pacha alikuja na wanawe pacha, nao wakawa wanaupigapiga kwa viganja wakicheka.

Mwanzoni hakuona tofauti. Baadaye donge moja likalegea, likafunguka, na ndani ya chandarua kitu kikaanza kuinuka. Manyoya yaliachana, yakawa meupe, yakajaa, mpaka mfuko uliokuwa umenywea ukatanuka na kuanza kuyumba wenyewe kwa upepo. Mzee aliacha fimbo akaingiza pua yake pale. Jua tupu. Bata alikuwa ameondoka.

"Shemeji!" aliita, kwa sauti ambayo Mama Pacha hakuwahi kuisikia kutoka kwake. "Shemeji, njoo unuse!"

Yalitosha mto mmoja. Shemeji mtu aliushona kwa kitambaa kipya cha kubana, kwa sindano ya mkono, mishono midogo midogo, akaurudia mshono mara mbili. Mzee aliuvalisha ile foronya ya zamani ya nyuzi za bluu ambayo bibi aliipenda. Alinyoa ndevu. Kwa nini alinyoa ndevu hata yeye hakujua.

Bibi alikuwa kitandani, ameegemea ule mto wa sponji wenye maua, ambao tangu juzi alikuwa ameacha kuutupa.

"Mama, mto wako huu hapa," mzee alisema. "Umekauka."

Bibi aliutazama. "Mto gani?"

"Wako. Wa bata. Uliushona mwenyewe."

"Mimi?" Akatabasamu kama mtu aliyesifiwa kimakosa. "Asante, lakini ninao wangu." Akaupiga ule wa sponji kwa kiganja. "Huo mpe mwenye shida."

"Dada," shemeji mtu alisogea, "ushike kidogo tu. Ushike hapa kwenye pembe."

Bibi, kwa kutotaka kuwaudhi, aliishika pembe. Vidole vyake vilikaa pale, vikasubiri, na wote wawili wakavitazama bila kupumua. Kisha vikaachia. Bibi aligeukia ukutani, akavuta shuka, akalala mchana ule bila kutafuta chochote, bila kulia, kama mtu asiye na deni duniani.

Shemeji mtu alitoka kwanza. Mzee alimkuta barazani akijifuta macho kwa ukingo wa kanga.

"Ni vizuri, shemeji," alisema yule mwanamke. "Amepumzika. Si ndicho tulichotaka?"

"Ndicho."

"Basi usijiumize."

"Alikuwa ananiita mwizi," Mzee Dakika alisema. "Kila jioni. Alikuwa anajua kuna kitu kimeibwa." Akauweka mto kwenye kiti, akaukung'uta vumbi ambalo halikuwepo. "Ningewahi siku chache tu. Ningefua vizuri tangu mwanzo."

Shemeji mtu alileta chai, akakaa karibu naye mpaka ikapoa.

Aliondoka baada ya siku mbili, akaacha dada yake ameoga na amesukwa nywele. Mzee alimwomba auchukue ule mto, akakataa. Ukabaki chumbani. Kwa kuwa ni dhambi kutupa kitu kizuri namna ile, mzee aliuweka upande wake wa kitanda, akaulalia. Ulikuwa mwepesi ajabu, ukipokea kichwa na kukishusha polepole, na kwa mara ya kwanza alielewa ni kazi kiasi gani mkewe alikuwa akiifanya kila mwaka. Alimgeukia amwambie. Bibi alikuwa macho, akimtazama kwa udadisi mpole.

"Umestarehe hapo?" bibi aliuliza.

"Nimestarehe sana."

"Ni mto mzuri," bibi alisema. "Nani kakushonea?"

Nje mvua ilikuwa imeanza tena, nyepesi, na foronya zilizofuliwa asubuhi zilikuwa bado kwenye kamba. Mzee akainuka kwenda kuzianua.